Gari jipya, kasoro za mwanzo na subira ya mnunuzi

MKULIMA wa majani chai wa Othaya hahitaji kufundishwa maana ya ukaguzi wa ubora. Kila siku ya kuchuma hufikisha kikapu chake katika kituo cha kununulia, ambako karani huyapekua majani kabla ya kuyatia mizanini. Kinachotakikana ni majani mawili na chipukizi lake. Majani yaliyokomaa kupita kiasi hukataliwa, na mwenyewe huambiwa ayachambue upya papo hapo, mbele ya majirani zake, au arudi nayo nyumbani. Ni baada ya hapo tu ambapo mzigo hupakiwa kwenye lori na kupelekwa kiwandani, Chinga au Iria-ini.

Mkulima huyo anaijua subira vilevile. Malipo ya kila mwezi huwa madogo, na sehemu kubwa ya jasho lake, ile inayofahamika kama bonasi, hulipwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Huo ndio msimu ambapo mazungumzo kuhusu magari hupamba moto katika miji iliyo kati ya milima ya Nyandarua na Mlima Kenya: pikapu ya kubebea mbolea na maziwa, gari la abiria la kuelekea Nyeri au Karatina, au gari dogo la familia.

Ajabu ni kwamba mtu yuleyule ambaye kikapu chake kilipekuliwa jani kwa jani, hulipokea gari lililomgharimu akiba ya miaka mingi kwa muda usiozidi nusu saa. Hulizunguka mara moja, husikiza injini ikinguruma, hutia sahihi, kisha huondoka. Ikiwa gari hilo ni la aina mpya, iliyozinduliwa majuzi kwa ngoma na hotuba, huenda akawa miongoni mwa watu wa kwanza kulijaribu, na hakuna aliyemweleza hivyo.

Jambo hilo lastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu historia ya magari humu nchini na ughaibuni imejaa uzinduzi uliofanywa kabla ya wakati, na mwingine uliocheleweshwa kwa manufaa ya kila mmoja.

Chanzo cha kasoro za mwanzo

Gari moja lina maelfu ya vipande, na vingi kati ya hivyo hutengenezwa na kampuni nyingine zisizokuwa zile zenye jina kwenye boneti. Aina mpya inapoanza kuundwa, mashine za kukandamiza mabati huwa hazijazoea, wafanyakazi huwa bado wanajifunza mpangilio wa kazi, na wauzaji wa vipuri huwa wanaleta shehena zao za kwanza. Mlango unaweza kupishana na fremu yake kwa milimita mbili. Waya unaweza kupitishwa mahali ambapo utasuguana na chuma na kuchunika baada ya miezi sita. Dosari kama hizo hazionekani siku ya hafla, kwani magari yanayoonyeshwa siku hiyo huwa yamechaguliwa na kupigwa msasa moja baada ya jingine.

Kwa sababu hiyo, viwanda vyenye uzoefu huunda kwanza magari ya majaribio ambayo hayauzwi. Hupitishwa kwenye mashimo, matope, joto na baridi, kisha huvunjwavunjwa ili kila kiungo kichunguzwe. Baada ya hapo huja kundi dogo la kwanza la kuuzwa, nalo huongezwa polepole kadiri dosari zinavyopungua. Kampuni ya Toyota ya Japani ilipata sifa kwa utaratibu mmoja ambao ni rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: mfanyakazi yeyote anayegundua hitilafu ana ruhusa ya kuvuta kamba iliyo juu ya kichwa chake, msimamizi aje, na tatizo lisipotatuliwa kwa muda uliowekwa, mstari mzima wa uundaji husimama. Ugumu uko hapo pa kusimama. Kila dakika ambayo mstari umesimama ni fedha, na meneja ambaye tayari ameshatangaza tarehe ya uzinduzi hapendi kuona kamba ikivutwa.

Hapa nchini, magari mapya mengi hayaundwi tangu mwanzo, bali huunganishwa. Vipande huja vikiwa vimefungwa kwenye makasha, na kazi ya kuviunganisha hufanywa katika viwanda vitatu vikubwa vilivyoanzishwa miaka ya 1970: kile cha Thika kilichoitwa Leyland na baadaye Kenya Vehicle Manufacturers (KVM), kile cha Associated Vehicle Assemblers (AVA) kilichoko Mombasa, na kile cha General Motors jijini Nairobi, ambacho tangu 2017 kinajulikana kama Isuzu East Africa. Kwa sehemu kubwa ya mwongo huo, Waziri wa Fedha alikuwa Mwai Kibaki, aliyekuwa mbunge wa Othaya tangu 1974 hadi alipostaafu urais mwaka wa 2013.

Katika kiwanda cha kuunganisha, ukaguzi huanza makasha yanapofunguliwa, kwani kipande kilichopinda baharini hakitanyooka kwa kupakwa rangi. Huendelea kwenye uchomeleaji, kwenye rangi, kwenye ukazaji wa nati za magurudumu na za usukani, na kwenye mashine ya kupimia breki. Mwishoni gari humwagiwa maji kwa nguvu ili ionekane iwapo yanapenya, kisha huendeshwa barabarani. Wakaazi wa Othaya, ambako mvua ya Aprili haina huruma, wana sababu ya kulithamini jaribio hilo la maji kuliko watu wa maeneo makavu.

Pioneer: gari ambalo halikumfikia mteja

Uzinduzi unaokumbukwa zaidi katika historia ya Kenya ni ule wa Nyayo Pioneer. Mnamo 1986, Rais Daniel arap Moi aliwaagiza wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya, hata kama lingekuwa na sura mbaya au mwendo wa pole. Wakati huo Kibaki alikuwa Makamu wa Rais. Agizo lile limechekwa sana tangu hapo, lakini ukilitazama kwa makini lilikuwa na busara fulani ndani yake. Rais aliwaondolea wahandisi mzigo wa urembo na kasi, wapate nafasi ya kujifunza. Mtu anayejifunza kuunda gari la kwanza katika nchi ambayo haijawahi kuunda injini anahitaji ruhusa kama hiyo.

Magari matano ya mfano yaliundwa, na ilielezwa kuwa yaliweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Yalizinduliwa Februari 1990 katika uwanja wa michezo wa Kasarani mbele ya umati. Shirika la Nyayo Motor Corporation liliundwa ili kuyatengeneza kwa wingi, na mpango ulikuwa wa viwanda 11.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Fedha za kuendelea hazikupatikana, na hakuna Mkenya hata mmoja aliyewahi kulinunua gari hilo dukani. Shirika lenyewe lilibadilishwa jina na kuwa Numerical Machining Complex, likageukia utengenezaji wa vipuri vya chuma kwa viwanda vingine.

Waliosimulia kisa hiki hukitaja kama ushahidi kwamba Wakenya hawawezi kuunda magari. Hukumu hiyo ni ya haraka. Magari matano yanayotembea ni hatua kubwa kwa chuo kikuu. Kosa lilikuwa katika kuichukua siku ya maonyesho kana kwamba ni mwanzo wa biashara. Kati ya gari la mfano na gari la kuuzwa pana kazi ya miaka mingi, ile ya kuhakikisha kwamba gari la mia tano litafanana na la kwanza, na kwamba kipuri cha Nyeri kitaingia kwenye gari lililouzwa Kisumu bila kupigwa nyundo. Kazi hiyo ndiyo udhibiti wa ubora wenyewe. Haina picha za kuvutia magazetini, na ndiyo iliyokosa mfadhili. Subira ya umma, ambayo mwaka wa 1990 ilikuwepo kwa wingi, haikupata hata gari moja la kusubiri.

Sifa iliyojengwa na Peugeot

Kinyume cha Pioneer ni Peugeot 504, gari ambalo wazee wa Nyeri bado hulitaja kwa heshima. Uzinduzi wake nchini Ufaransa ulikuwa umepangiwa Juni 1968, lakini migomo na maandamano ya Mei mwaka huo yakaivuruga nchi, na kampuni ikausogeza hadi Septemba. Kuchelewa huko hakukuliharibia jina. Lilitawazwa gari bora la mwaka barani Ulaya kwa 1969, na mnamo 1975 Ove Andersson alishinda mbio za Safari Rally akiwa usukanini mwa 504. Mtangulizi wake, 404, lilikuwa tayari limeshinda mbio hizo mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968.

Kwa watu wa vijijini, ushindi wa mbio hizo ulikuwa na maana isiyo ya michezo. Barabara za mashindano zilikuwa barabara zao wenyewe, zenye vumbi na tope lilelile, na gari lililozimaliza lilikuwa limekaguliwa hadharani. Magari ya Peugeot yenye mgongo mrefu yakawa ya kubebea abiria kote nchini, na 504 likaendelea kuunganishwa Kenya hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Wafaransa kuacha kuliunda kwao. Fundi wa chini ya mti alilijua nje ndani. Lilipoharibika, na liliharibika kama magari yote, mwenyewe alijua kipuri kipo na kitafika. Subira ya mteja hulala hapo: katika imani kwamba kungoja kuna mwisho.

Mobius: kutoka arbuni hadi mnada wa kampuni

Jaribio la karibuni zaidi la gari la Kenya lilikuwa Mobius. Kampuni hiyo ilianzishwa na Mwingereza Joel Jackson mnamo 2009, baada ya kuona taabu ya usafiri katika barabara mbovu za mashambani. Wazo lake lilikuwa gari lenye fremu ya mabomba ya chuma, lililo juu, lenye nguvu, na lisilo na madoido. Mobius II la kwanza liliunganishwa Thika katika kiwanda cha KVM, na bei iliyotangazwa ilikuwa yapata Sh950,000. Lilikuwa gari la watu wa aina ya Othaya hasa, yaani mkulima, mwenye duka, na mwenye kusafirisha bidhaa sokoni.

Lakini wanunuzi walishangaa. Gari lilikuwa tupu mno. Kwa bei hiyohiyo, mtu angepata gari la mtumba kutoka Japani lenye vioo vya umeme, kipoza hewa na redio. Uundaji wa toleo la kwanza ulikuwa wa idadi ndogo, kisha kampuni ikarudi kwenye meza ya michoro na kuleta toleo la pili lililoboreshwa, ambalo bei yake ilianzia takriban Sh1.3 milioni. Baadaye likaja Mobius 3, gari la kifahari zaidi na la bei ya juu zaidi, lililo mbali na pikapu ya mkulima iliyofikiriwa mwanzoni.

Agosti 2024, kampuni hiyo ilitangaza kwamba ingefilisiwa kwa hiari. Siku chache baadaye ikaelezwa kuwa imepata mnunuzi kutoka Mashariki ya Kati, na mpango wa kuifilisi ukasitishwa. Kwa siku zile chache, kila mwenye Mobius aliuonja wasiwasi ambao haumo kwenye vijitabu vya matangazo. Anayenunua gari la kampuni changa ananunua pia uhai wa kampuni hiyo. Ikifa, dhamana aliyopewa huwa karatasi, na kipuri alichoahidiwa huwa hadithi.

Hakuna haja ya kuwalaumu walionunua. Pasingekuwa na watu wa kuthubutu kununua toleo la kwanza, hakuna kiwanda kingefika toleo la tatu. Hata hivyo, mthubutu anastahili kuambiwa kwamba anathubutu.

Somo la kulungu na somo la taa

Wanaodhani kwamba dosari za uzinduzi ni aibu ya nchi maskini wakumbuke yaliyoipata Mercedes-Benz. Mnamo Oktoba 1997, siku chache tu baada ya gari lake dogo la A-Class kuingia sokoni, waandishi wa jarida moja la magari la Uswidi walilijaribu kwa kulikatisha kona ghafla, jinsi dereva wa huko hufanya anapokutana na kulungu mkubwa barabarani. Gari likapinduka. Mwanzoni kampuni ilijitetea na kulilaumu jaribio lenyewe. Kisha ikakubali, ikasimamisha uuzaji kwa majuma 12, ikaita tena magari ambayo tayari yalikuwa yameuzwa, na ikatia kwenye kila gari mtambo wa elektroniki wa kulizuia lisiyumbe. Kampuni iyo hiyo iliahirisha pia uzinduzi, uliopangiwa mwaka uliofuata, wa gari dogo zaidi, Smart, kutoka Machi hadi Oktoba, ili lirekebishwe kabla ya kumfikia mnunuzi wa kwanza. Ilikuwa imejifunza kwamba kuahirisha ni nafuu.

Mfano mwingine ni wa Lexus, jina ambalo Toyota ililizindua nchini Marekani mnamo Septemba 1989 kwa gari la LS 400. Miezi mitatu baadaye, malalamiko machache sana yalitosha kuifanya kampuni iyaite tena magari yote 8,000 hivi yaliyokuwa yameuzwa, kwa ajili ya taa ya breki iliyokuwa ikipata joto kupita kiasi na kifaa cha kudumisha mwendo kilichokuwa kikikwama. Mafundi waliyafuata magari nyumbani kwa wenyewe, wakayatengeneza, wakayaosha, wakayajaza petroli na kuyarudisha. Jina jipya ambalo lingeweza kufia hapo lilipata sifa kutokana na kosa lake lenyewe.

Visa hivi viwili vyaonyesha kwamba mteja huhesabu mambo tofauti na yale ambayo watengenezaji hudhani anayahesabu. Hakuna anayetarajia mashine isiyo na kasoro. Kinachomchoma ni kuambiwa kwamba kasoro anayoiona kwa macho yake haipo, au kwamba ameileta yeye kwa uendeshaji mbaya.

Njia ya majaribio ya wazi imeanza kutumika Kenya pia. Kampuni ya BasiGo ilipoleta mabasi ya umeme, ilianza Machi 2022 kwa mabasi mawili tu, yaliyokabidhiwa kampuni za uchukuzi za Citi Hoppa na East Shuttle jijini Nairobi yabebe abiria wa kweli katika njia za kweli, kabla ya uuzaji wenyewe kuanza. Mbinu hiyo haina mbwembwe. Wenye matatu wengine walikaa kando na kutazama, na kutazama huko ni aina ya ukaguzi.

Gari jipya lisilo jipya

Kwa wakaazi wengi wa Othaya, hata hivyo, neno gari jipya lina maana nyingine. Ni gari lililotumika Japani kwa miaka saba, likafika bandari ya Mombasa, likapewa nambari ya usajili. Watu wa mitaani huusoma upya wa gari kwenye nambari hizo: zilizoanza na KAA mwishoni mwa miaka ya 1980, zikafuata KBA mwaka wa 2007, KCA mwaka wa 2014 na KDA mwaka wa 2020. Herufi hizo zaeleza siku gari liliposajiliwa nchini, basi. Hazielezi liliundwa lini wala lilipitia mikono mingapi.

Ukaguzi wa magari hayo uko chini ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Viwango vyake vyataka gari liwe na usukani upande wa kulia na lisipite umri wa miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na lipimwe katika nchi linakotoka kabla ya kupakiwa melini. Utaratibu huo umeziba mianya mingi. Upo mwanya mmoja mkubwa uliobaki. Kampuni inapoyaita tena magari yake, huwatafuta wenye magari kupitia rejista za nchi yake. Mnamo Aprili 2014, Toyota ilitangaza kuyaita tena magari milioni 6.39 kote duniani kwa matatizo mbalimbali. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, ambayo huweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva, imesababisha mamilioni mengi zaidi kuitwa. Barua ya kumwita mwenye gari hupelekwa kwenye anwani ya mtu wa Japani aliyeliuza zamani. Haiwezi kufika Othaya yenyewe.

Anayenunua gari kama hilo anaweza kujisaidia. Nambari ya fremu iliyopigwa kwenye chuma cha gari na kuandikwa kwenye stakabadhi ndiyo ufunguo. Kampuni nyingi kubwa zina ukurasa wa intaneti ambapo nambari hiyo huingizwa na jibu kutolewa iwapo gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Mawakala rasmi wa kampuni hizo jijini Nairobi huweza kuulizwa vilevile.

Siku ya kupokea

Sheria za Kenya hazijamwacha mnunuzi mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili anufaike nazo, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro. Bunge lilipitisha sheria ya kuwalinda watumiaji mwaka wa 2012.

Iliyo kongwe zaidi, na yenye manufaa makubwa siku ya kupokea gari, ni Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, iliyorithiwa kutoka Uingereza. Chini ya sheria hiyo, mtu aliyeletewa bidhaa ambayo hakuwa ameikagua hahesabiwi kuwa ameikubali hadi apate nafasi ya kutosha ya kuichunguza. Lakini akimwambia muuzaji kwamba ameikubali, au akikaa nayo kwa muda mrefu bila kusema neno, huhesabiwa kuwa ameipokea, na mlango wa kuirudisha hufungwa. Ndiyo maana karatasi ya makabidhiano ina uzito. Muuzaji huileta pamoja na funguo, mara nyingi ikiwa na maneno yaliyochapishwa tayari kwamba gari limepokelewa likiwa katika hali nzuri.

Muuzaji mwenye sifa huwa amelikagua gari mwenyewe kabla ya kulikabidhi, kwa orodha yenye sahihi ya fundi. Mnunuzi ana haki ya kuiomba orodha hiyo. Anaweza pia kwenda na fundi anayemwamini, na kwenda mchana, kwani rangi iliyopakwa mara mbili haionekani chini ya taa. Ni vyema gari lizunguke barabarani likiwa baridi na tena likiwa limepata moto, breki zijaribiwe kwenye mteremko, na kila kioo na kila kufuli vifunguliwe na kufungwa. Nafasi kati ya milango na fremu hupimwa kwa kidole pande zote mbili, na sakafu chini ya mazulia hupapaswa kama ina unyevu. Nambari ya fremu na ya injini hulinganishwa na stakabadhi, tarakimu kwa tarakimu. Kasoro yoyote, hata ndogo, huandikwa kwenye karatasi ileile ya makabidhiano kabla ya sahihi.

Kuhusu subira, la kuuliza ni mapema, wakati wa kutoa arbuni: gari litafika tarehe gani, na lisipofika, fedha zitarudishwa lini? Jibu la mdomo halitoshi. Wengi wa wanunuzi huchukua mkopo katika benki au chama cha akiba na mikopo, na mkopo hauchelewi. Gari likikaa bandarini miezi miwili, au likishinda gereji kwa sababu kipuri cha aina mpya hakijawahi kuletwa nchini, makato huendelea kutoka kwenye mshahara au kwenye malipo ya majani chai kana kwamba liko barabarani likifanya kazi. Mwenye kununua gari la biashara huumia mara mbili, kwani kila siku lisipotembea nauli inakwenda kwa mwingine.

Swali la vipuri ndilo husahaulika zaidi. Kabla ya kulipia aina iliyozinduliwa mwaka huohuo, inafaa kuuliza dukani Nyeri, na wala si Nairobi, kama kuna kichujio cha mafuta, vibati vya breki na kioo cha mbele cha gari hilo, na kwa bei gani. Kama havipo, aulizwe muuzaji vitachukua siku ngapi kufika, na jibu lake liandikwe kwenye stakabadhi ya arbuni pamoja na tarehe ya gari kukabidhiwa.